Miaka Mitatu Kwenye Koki ya Tangawizi

Kabla sijasema lolote kuhusu utumishi wangu, nikiri kwanza: nilimnywa shahidi. Tena sikumwonja. Nilimnywa wote mpaka tone la mwisho, mchana kweupe, nikiwa nimejikunyata nyuma ya simtanki la maji, halafu nikamjaza maji ya bomba, nikamfunga vizuri na kumrudisha kwenye nafasi yake kama mtu mwema. Kama hujui shahidi ni nani, tulia, nitakufikisha. Wanaoijua kazi hii najua wameshashika vichwa.

Nimestaafu mwezi huu nikiwa na miaka kumi na saba, kidato cha tatu. Naandika kwa ajili ya mdogo wangu Nakijwa, mwenye miaka kumi na mbili na mdomo wa miaka arobaini, ambaye sasa ndiye ameshika koki. Na yeyote atakayekuja baada yake asome pia, aone mtu anavyoweza kuharibu kazi ambayo tayari ameijua.

Mambo ya vyeo na mshahara nayaruka. Cheo kilikuwa kimoja, "we Mbonea", na mshahara ulikuwa kuruhusiwa kula.

Kazi yenyewe ilianza na mtungi. Mama analima tangawizi hapa Mamba, kama watu wote wenye akili, na vile vipande vilivyovunjika ambavyo wanunuzi hawavitaki alikuwa anavitwanga kwenye kinu, anavichemsha na sukari, anachuja kwa kitambaa, anakamulia ndimu, ikipoa anatia hamira kidogo ya kuongezea gesi. Kinywaji kizuri, ila alikiweka kwenye ndoo. Gesi ikipatikana inaondoka zake. Siku ya pili unakunywa uji mwembamba wenye pilipili.

Ndipo akaja Mjomba Elisante, kaka yake Mama. Mjomba alifanya kazi miaka mingi kwenye baa moja kule chini, Same mjini, akimimina bia ya bomba. Baa ilipofungwa, mwenye baa alimwambia achague kitu cha ukumbusho. Mtu mwingine angechukua redio. Mjomba alichukua mtungi wa chuma wa bia pamoja na koki yake, akaufunga nyuma ya bodaboda, akaupandisha mlimani siku ya Jumapili, saa watu wanatoka kanisani. Hakuna aliyekosa kuuona.

"Dada, hiki ndicho kitakachokutunzia gesi," alisema akiushusha.

"Elisante, kwangu haiingii bia."

"Mtungi hauna dini, dada. Unabeba unachowekewa."

Tuliusugua siku tatu kwa majivu na maji ya moto. Kila jioni Mama aliingiza pua kwenye tundu, akatoa hukumu: "Bado unanuka Same." Siku ya nne akakubali. Siku ya sita mzee mmoja wa kanisa akapita "kusalimia tu", akakaa, akaletewa kikombe. Alikunywa funda moja, akakohoa, machozi yakamlengalenga.

"Hii haina pombe," akasema. "Ila ina hasira."

Tukapata kibali.

Siku yangu ya kwanza nilikuwa na miaka kumi na nne, ndiyo kwanza nimeanza sekondari, yaani najua kila kitu. Mjomba aliniweka mbele ya mtungi. "Kwanza unautoa pumzi," akasema. "Unafungua hapa juu kidogo, unausikia unapumua, ukitulia ndipo unashika koki." Nilisikia vizuri kabisa. Nikaona ni maelekezo ya watu wazito. Nikafungua koki yote mara moja.

Mpira wa koki, ulioingizwa kwenye chupa, uliruka nje kama nyoka aliyekanyagwa. Ulimwagia dari, ukammwagia Mjomba, ukammwagia paka, mwisho ukanigeukia mimi ukaniingia machoni. Tangawizi ya Mamba machoni simtakii hata adui yangu. Nilianguka chini nikipiga kelele za jina la Bwana.

"Umeona?" Mjomba akauliza, akifunga koki kwa utulivu.

"Sioni, Mjomba!"

"Basi, somo limeingia."

Nakijwa, zana zetu ni chache na zote zina tabia. Mpira ni ule mweupe unaoonyesha ndani, wa mafundi wa kupimia usawa wa ukuta, na lazima ufike kitakoni mwa chupa. Ukimwaga kutoka juu unajaza povu, kinywaji kinabaki kwenye hadithi. Chupa ziwe za baridi kabla ya kujazwa. Ziloweke kwenye beseni kivulini, usiku wa huku kwetu utafanya kazi uliyoikwepa. Jaza polepole. Ukifika shingoni chomoa mpira, subiri povu lipande lenyewe mpaka mdomoni, hapo ndipo uweke kizibo. Kizibo kinafungwa juu ya povu, hakifungwi juu ya hewa. Hewa ikibaki ndani ladha inakuwa ya karatasi. Na ile mashine ya mkono ya kubania vizibo, ikilia kama mtoto anayenyang'anywa kitu, ujue imekaza. Ikikaa kimya, rudia.

Kuhusu kuosha chupa nina neno moja: nusa. Chupa iliyowahi kubeba mafuta ya taa haitubu. Nilibishana na moja wiki nzima kwa sabuni, mchanga na majani ya mpapai. Mwishowe ilishinda yenyewe, na mwalimu wetu wa jumuiya ndiye aliyepewa.

Sasa shahidi. Hili alinifundisha Mjomba wiki ya pili, na ndilo somo kubwa katika kazi yote. Chupa ya kioo haisemi. Ina sura ileile ikiwa salama na ikiwa inajiandaa kukupasukia. Hamira iliyobaki ndani inaendelea kula sukari na kutoa gesi, nawe huku nje huoni kitu. Kwa hiyo kila mara tunapojaza, tunajaza na chupa moja ya plastiki, ya maji ya dukani, kutoka koki ileile, saa ileile, tunaiweka kreti moja na wenzake. Huyo ndiye shahidi. Kila asubuhi unamminya.

"Akiwa laini kama shavu, waache," Mjomba alisema, akinibonyeza shavu. "Akiwa mgumu kama hapa," akanigonga paji la uso, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, "toa wote upesi, tia kwenye maji ya baridi. Na shahidi hanywewi mpaka wenzake waishe."

Nilifanya kazi hiyo likizo zote na Jumamosi nyingi, na sijisifu nikisema niliiweza. Yaani, kujisifu najisifu, lakini kwa kiasi. Kulikuwa na harusi moja kijijini Suji, ambapo kreti zilipigwa mitikisiko njia nzima juu ya bodaboda, nami nikafungua chupa ya bwana harusi papo hapo nilipofika. Suti ilikuwa ya kijivu. Ikawa na ramani. Tangu siku hiyo nafahamu kwamba kinywaji kikitoka safari kinahitaji kupumzika kama mgeni mwingine yeyote. Kulikuwa pia na mwalimu wa kemia, aliyeuliza kwa nini gesi inakaa vizuri zaidi kwenye kimiminika cha baridi. Nilijibu vizuri mpaka darasa zima likanipigia makofi. Makofi yakanilevya, nikaongeza, "Kwa mfano, Mwalimu, mtungi wa bia ukiwa wa moto..." Nilimalizia kipindi nje, nikihesabu mawe.

Basi tufike kwenye kesi iliyonistaafisha.

Huku kwetu shamba la tangawizi linaishi kwa ndiva, lile bwawa la kuchimba lililoko juu ya kijiji, linalojaa usiku na kufunguliwa mchana kwa zamu. Kila familia ina siku yake ya maji. Ndiva likijaa tope, pembe inapulizwa na watu wote wanapanda kulizoa. Huo ndio msaragambo. Kanuni yake haina huruma: asiyefika na jembe wala mchango anahesabiwa hakuwepo, na asiyekuwepo anarukwa zamu inayofuata. Mwaka huu mvua ilikatika mapema. Majani ya tangawizi yetu yalikuwa yameanza kugeuka njano pembeni. Kurukwa zamu moja ni wiki mbili bila maji, na wiki mbili kwa tangawizi ile zilikuwa ni mazishi.

Mama ana mgongo mbaya, kuinama muda mrefu hawezi. Kwa hiyo Mzee Mrutu, msimamizi wa maji, alimpa mchango wake: alete kinywaji cha watu wote, kreti tatu, Jumanne. Mama alikubali kwa furaha. Jumamosi nilijaza mimi mwenyewe, kazi safi, kila kizibo juu ya povu lake. Mjomba alikuwa ameshuka Same kuwaona wanawe, akaniachia neno moja tu: "Minya shahidi."

Jumapili baada ya ibada jua likawaka. Jua la kipekee. Nilikuwa nimevaa koti. Kreti zilikuwa zinanitazama. Nikafikiri kama mtu msomi: nikigusa kizibo kimoja itajulikana, lakini shahidi ana mfuniko wa kuzungusha. Mengine nimeshayakiri.

Jumatatu asubuhi Mama akaminya shahidi. Laini kama shavu. Akaguna.

"Mbonea, huyu mbona hajaamka?"

"Baridi, Mama," nikasema. Nilikuwa naosha uso, nikaendelea kuuosha.

"Watu watakunywa maji matamu kesho? Nitaweka wapi sura yangu?"

Akabeba kreti zote tatu, na mgongo wake ule, akaziingiza jikoni karibu na mafiga. Siku hiyo alipika maharage. Unajua maharage yanavyokula kuni. Mchana akaminya: laini. Akachochea moto. Jioni akaminya tena: laini. "Basi zilale hapa hapa kwenye joto," akasema.

Mara tatu mlango wa kusema ukweli ulifunguliwa mbele yangu, na mara tatu nikaupita nikipiga mluzi. Nilijipa matumaini ya kisayansi. Niliwaza labda zitakuwa na gesi ya kutosha tu, kila mtu atafurahi, na maji ya bomba yatakufa na siri yake.

Chupa ya kwanza ilipasuka Jumanne asubuhi tukiwa uani tunakunywa uji.

"Nani anavunja vyombo vyangu?" Mama akauliza.

Ya pili ikajibu. Kuku wakapanda juu ya choo. Mama akainuka kuelekea mlango wa jiko, nami, kwa mara ya kwanza maishani, nikamshika Mama kanga na kumvuta.

"Mama, usiingie!"

"Niachie! Kuna nini?"

"Usiingie tu, nakuomba!"

Ikapasuka ya tatu, na kipande cha kioo kikatokea dirishani kikaanguka kwenye mboga. Mama akatazama kile kioo, akatazama mkono wangu kwenye kanga yake, akarudi nyuma mwenyewe.

Wakati huo huo Mjomba akawa anashuka kwenye bodaboda getini. Alisikiliza kidogo, kama daktari.

"Shikamoo, Mjomba."

Hakuitikia. "Shahidi anasemaje?"

"Laini kama shavu," Mama akamjibu. "Tangu jana."

"Haiwezekani," Mjomba akasema, akamvua dereva wa bodaboda helmeti bila kuomba, akaivaa. Akaagiza magunia yaloweshwe. Akaingia amejifunika blanketi, akazifunika kreti kwa magunia yale, nami nikifuata nyuma na ndoo za maji ya baridi. Kinga yangu ilikuwa ungo. Nakijwa, ungo usiuamini. Kazi yake ni kutenganisha mchele na chuya, si kumtenganisha mtu na kifo. Maji ya ndoo ya kwanza yalinifikia miguuni kabla ya kuzifikia chupa.

Chini ya magunia ziliendelea kupasuka moja baada ya nyingine; zilipopoa, Mjomba alilegeza kila kizibo nusu, akaiacha chupa ipumue, akabana upya. Katika kreti tatu tulibaki na chupa kumi na saba. Huko juu, pembe ikalia.

Tulipofika ndivani watu walikuwa wameshaingia kwenye tope, wanaume kwa wanawake, wanapokezana ndoo. Mama aliweka chupa zake kumi na saba juu ya ukingo, akazipanga kwa nafasi ili zionekane nyingi. Hazikuonekana nyingi.

"Mama Mbonea," Mzee Mrutu akasema taratibu, "kinywaji kingine kinakuja?"

"Hiki ndicho, Mzee. Nilikosea. Nilipima vibaya, zikapasuka. Kosa ni langu."

Minong'ono ikaanza. Mwanamume mmoja ambaye zamu yake inafuata ya kwetu akaegemea jembe lake. "Pole sana, mama. Lakini kanuni ni kanuni. Mwaka juzi mimi nilileta nusu, mliniruka bila kunipa pole."

"Kweli," mwingine akadakia.

Mzee Mrutu alikuna kidevu. Nilijua anachokuna: zamu yetu. Mama alikuwa amesimama na mkono kiunoni, pale panapomuuma, akitazama chini. Nakijwa akanisogelea ubavuni.

"Kaka," akanong'ona, "shahidi nimemfungua asubuhi. Ni maji ya bomba."

"Nyamaza."

"Unasema wewe au niseme mimi? Mimi nikisema nitaongeza chumvi."

Nikapanda juu ya ukingo.

"Mzee, shikamoo."

"Tumeshasalimiana, mjukuu wangu."

"Nasalimia tena, Mzee."

Watu wakacheka. "Marahaba tena," akasema. "Sema shida yako."

"Mama hakukosea. Alipima sawasawa. Shahidi nilimnywa mimi."

"Ulimnywa nani?" mwanamke mmoja akauliza kutoka kwenye tope, kwa hofu ya kweli.

Nikaeleza yote: jua, koti, mfuniko, maji ya bomba, maharage. Nilipofika kwenye maharage Mjomba, aliyekuwa ndani ya ndiva mpaka magotini, alianza kucheka mpaka akakaa kwenye tope. Yule mama aliyeuliza akapiga makofi. "Jamani, mtoto wa watu! Kiu ya chupa moja imekunywa kreti mbili na ushei!"

"Huyo ndiye mnayemtegemea awe daktari," mwingine akasema.

Nilitamani ndiva lingekuwa limejaa maji.

Mzee Mrutu alingoja kicheko kiishe. "Mama yako mchango wake ulikuwa kinywaji," akasema. "Kinywaji kimeishia jikoni kwa mkono wako. Sasa mchango wake ni tope, kwa mkono wako huo huo. Shuka. Leo na kesho. Ukitoka kabla ya wenzako, zamu imerukwa. Mwenzetu, unaridhika?"

Yule mwenye jembe akanitazama kuanzia juu mpaka chini, hasa mikono. "Kama atamaliza," akasema, "naridhika."

Nilishuka. Sitaieleza siku ile kwa urefu, kwa kuwa sehemu kubwa sikuiona, nilikuwa nimeinama. Tope la ndiva ni zito kuliko linavyoonekana ukiwa umesimama ukingoni. Kufikia saa sita viganja vilikuwa vimetoa malengelenge, na kufikia saa nane malengelenge yalikuwa yamepasuka. Mjomba alizoa jirani yangu, kila dakika chache akiniuliza kama nina kiu. Chupa kumi na saba ziligawanywa kwa kikombe kimoja, funda moja moja, na ilipofika zamu yangu kikombe kilinipita, kikaenda kwa mtu wa nyuma yangu. Mama alikaa ukingoni akitazama. Sikutoka. Kesho yake nikarudi, nikiwa nimefunga viganja vitambaa, nikazoa mpaka sakafu ya zamani ya ndiva ikaonekana, na yule mwenye jembe ndiye aliyenivuta mkono kunipandisha.

"Maji ya Mama Mbonea yako palepale," Mzee Mrutu akatangaza. "Jumatano ijayo."

Tuliteremka nyumbani mimi na Mama tu. Njia nzima nilikuwa naandaa majibu ya lawama za aina tano. Tulipofika kwenye shamba letu alisimama, akageuza geuza jani moja la tangawizi, kisha akanifungua vitambaa vya viganja, akaviangalia vile vidonda. Naandika maneno yake kama alivyoyasema, bila kuongeza wala kupunguza:

"Kumbe jembe unaliweza. Na mimi miaka yote hii nilikuona huna mkono wa kulima, nikakuhurumia, nikakuweka kwenye chupa. Koki mpe Nakijwa."